Uongo Nilioutia Kwenye Filamu

Mtu aliyemuua dada yangu alikuwa amekula kwetu, tena si mara moja. Alikuwa mnunuzi wa maharage. Alizunguka na pikipiki yake kuanzia vijiji vya Kitanga mpaka upande wa Kibondo, na akipita Kasulu mjini wakati mvua imeharibu barabara, alikuja kujihifadhi nyumbani tulikokuwa tukiishi mimi na dada. Alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu na mlango, akala ugali wa muhogo na dagaa, akashukuru, akaondoka. Alikuwa nadhifu. Viatu vyake viling'aa hata masika, wakati sisi wengine tulitembea na udongo mwekundu mpaka magotini. Dada alisema ni mstaarabu. Mimi nilimwona anajisikia kidogo, lakini sikumwogopa.

Dada alikuwa mkubwa kwangu. Aliuza vitenge. Alivichukua kwa wanawake wa Kikongo kambini Nyarugusu, akavipeleka kwenye magulio ya Kibondo na vijiji vya kuelekea mpakani. Alikuwa na kicheko kikubwa ambacho majirani walikizoea kama watu wanavyozoea kengele ya shule. Mimi nilikuwa na saluni, ile ile niliyonayo mpaka leo. Jumamosi moja nilimsuka kwa ajili ya safari. Jumatatu asubuhi alifunga mzigo wake nyuma ya pikipiki ya yule mnunuzi wa maharage, kwa kuwa walikuwa wanaelekea njia moja. Nilisimama mlangoni nikiwatazama. Akaniambia nisisahau kuanua muhogo mvua ikija. Hakurudi.

Yule mtu alikamatwa zaidi ya mwaka mmoja baadaye, pale mwanamke mwingine aliporuka kutoka kwenye pikipiki yake karibu na Kibondo akakimbilia shambani kwa watu. Chumbani kwake polisi walikuta simu za wanawake, khanga, mikoba. Mkoba mmoja ulikuwa wa dada. Alikiri kuwaua wanawake wanne, akawapeleka polisi mpaka mahali alipowatupa, akionyesha kwa kidole kama mtu anayeonyesha mipaka ya shamba lake. Lakini dada hakuwa miongoni mwa wale wanne. Alipoulizwa habari ya mkoba alisema, "Huyo wa vitenge simkumbuki."

Nilimsikia akilirudia neno hilo mahakamani. Kila siku alivaa shati lililopigwa pasi. Wakili wa serikali alipokosea jambo dogo, kwamba mwanamke fulani alikutwa upande wa kulia wa njia, yeye alinyoosha mkono akaomba kumsahihisha, ulikuwa upande wa kushoto. Watu waliguna kwa hofu, na niliona kuwa mguno ule aliupenda. Alikaa wima zaidi. Lilipofika suala la dada alimtazama jaji kwa upole akasema, "Mheshimiwa, nimekutana na watu wengi. Simkumbuki." Mimi nilikuwa benchi la mbele. Alinitazama kidogo, kisha akageuka kama aliyetazama ukuta.

Akahukumiwa kunyongwa kwa ajili ya wale wanne, akapelekwa gereza la mbali, na huko anaendelea kuishi. Mama yetu alifariki bila kuwa na kaburi la mwanawe la kwenda kupalilia.

Miaka ikapita. Kisha wakaja watu wa filamu.

Walikuja kutoka Dar es Salaam na magari mawili, wakapanga nyumba ya wageni nzima. Mkubwa wao alikuwa kijana mpole mwenye miwani, aliyemwamkia kila mtu na kuomba ruhusa hata ya kukaa. Mjini watu walifurahi. Waliokuwa wamemwona muuaji mara moja sokoni sasa walisema walikuwa marafiki zake. Vijana wa bodaboda walikodishwa kuendesha pikipiki mbele ya kamera. Mwigizaji aliyemwigiza muuaji alikuwa maarufu kwa filamu za mapenzi, na wasichana walimngoja nje ya nyumba ya wageni ili wapige naye picha.

Siku moja kijana yule wa miwani alikuja saluni kwangu. Alikuta sina mteja, akakaa kwenye kiti cha kusukia na chupa yake ya soda.

"Dada, pole kwa yaliyokukuta," alisema. "Sitaki kukuumiza. Ninachotaka ni watu waielewe akili yake. Mtu hazaliwi hivi. Kuna mahali alivunjika."

Akanisimulia filamu yake. Ilianza na mtoto anayepigwa na baba yake, anafungiwa kwenye banda la mbuzi, anaongea na mbuzi kwa kuwa hana mwingine wa kuongea naye. Mtoto anakua, anakataliwa na mchumba, anaanza kusafiri peke yake na mawazo yake. Aliniambia amekwenda gerezani akakaa naye na kuzungumza.

"Ana akili sana," alisema. "Anaongea taratibu, anakutazama machoni. Nilitoka pale nikiwa nimeishiwa nguvu."

Nilimtazama usoni, nikaona kwamba alikuwa amependezwa. Alikuwa kama wale wasichana wa nyumba ya wageni.

"Na dada yangu yumo?" nikamuuliza.

"Yumo. Tumemweka kwa heshima sana, hatuonyeshi damu. Anapanda pikipiki, anacheka kidogo, halafu tunakata picha."

"Halafu?"

"Halafu tunamrudia yule mtu, akiwa peke yake njiani."

"Ulipomuuliza habari za dada alikujibu nini?"

Alizungusha chupa mkononi. "Alisema hamkumbuki. Samahani. Lakini hata hilo linatuonyesha kitu kuhusu akili yake."

Nadhani ni pale ndipo nilipoamua, ingawa maneno yalinitoka kwa urahisi kama yaliyokuwa yamewekwa tayari.

"Kuna jambo sikulisema hata polisi," nilimwambia. "Kuna siku mvua ilikatisha safari yake, akalala kwetu."

Hilo lilikuwa kweli.

"Asubuhi tukakuta godoro limelowa."

Kijana akaiweka chupa chini. "Unamaanisha nini?"

"Alikuwa amekojoa kitandani. Mtu mzima na ndevu zake. Dada alilitoa godoro nje akalifua kwa sabuni ya unga, hakumwambia neno la kumwaibisha. Yule mtu akapiga magoti kwenye tope akilia, akamwomba asimwambie mtu. Nilikuwa dirishani, nikaona yote."

Hapakuwa na lolote la namna hiyo. Asubuhi ile godoro lilikuwa kavu, blanketi amelikunja pembe kwa pembe kama mwanajeshi. Alikunywa chai ya tangawizi akaondoka. Na kama yangekuwa kweli, dada yangu nimjuaye asingenyamaza. Angecheka mpaka mtaa wote uje kuuliza kuna nini, kisha angemcheka yeye mwenyewe mbele yao, na pengine angemsamehe jioni.

Kijana wa filamu akaniomba niyarudie maneno yale mbele ya simu yake, ayarekodi. Nikayarudia. Nikaongeza kwamba hata mama yake alishindwa kumwachisha, na kwamba ndiyo sababu alipenda kuvaa vizuri mchana.

"Dada," alisema, na macho yake yalikuwa na machozi, "hii ndiyo filamu yenyewe. Unajua wataalamu wamelizungumzia sana jambo hili kwa wauaji wa aina yake?"

Nikasema sikujua. Lakini nilijua jambo jingine. Mtu yule alikubali kuitwa muuaji, tena alilivaa jina lile kama koti. Nilitaka kumpa jina asiloweza kulivaa. Kwetu mtoto wa darasa la kwanza anakimbia akisikia muuaji amepita, lakini kikojozi anamzomea.

Wakaandika upya. Picha ya dada ikawa ndefu, tena katikati ya filamu. Waliniomba nimsuke msichana aliyemwigiza, nikamsuka vizuri, lakini sikumpa mtindo niliomsuka dada ile Jumamosi. Walisema nikumbuke alivyokuwa, nikasema alikuwa hivyo hivyo.

Filamu ilipokamilika waliileta kwanza kwetu, mchana, kwenye ukumbi mmoja mjini Kasulu, wakafunika madirisha kwa maturubai. Watu walijaa mpaka wakakaa sakafuni. Sehemu ya banda la mbuzi wanawake walisikitika, nikamsikia mmoja akisema maskini mtoto wa watu. Nikasubiri. Ikafika asubuhi ya mvua. Mwigizaji yule mzuri, akiwa amelowa suruali, akatoka chumbani anatetemeka. Muziki ulikuwa wa huzuni. Walitaka tulie.

Kisha mama mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kumbe kikojozi tu."

Ukumbi ulilipuka. Watu walicheka wakishikana mabega. Alipopiga magoti kwenye tope walicheka zaidi, na kuanzia hapo kila alipotokea na viatu vyake vya kung'aa palikuwa na mtu wa kulitaja godoro. Wanawake waliokuwa wakimwogopa kwa miaka walimcheka mpaka mwisho wa filamu. Mwigizaji alisimama kusalimia watu akiwa amenuna, maana alikuwa ameiigiza sehemu ile kwa moyo wote. Kijana wa miwani aliniambia kuwa watu wanacheka kwa sababu ya maumivu. Nikamwitikia.

Wiki iliyofuata waliionyesha Kibondo. Nilipanda basi nikaenda, kwa kuwa nilitaka kukisikia kicheko kile tena. Kilikuwa kikubwa kuliko cha Kasulu. Nikiwa narudi nilinunua mahindi ya kuchoma nikala njia nzima, na sikumbuki kama nimewahi kula kwa hamu kama siku ile.

Filamu ikaingia kwenye simu, ikatoka mkoani, ikafika kila mahali. Jina lake halisi watu wakaacha kulitaja. Ukisema kikojozi, hata kambini walijua unamzungumzia nani. Na kama nilivyotumaini, ikafika gerezani. Askari wa magereza wana simu, na wafungwa wapya huingia na habari.

Ilikuwa kiangazi mama yake aliponijia. Nilimfahamu tangu siku za mahakamani, kizee mwembamba wa kutoka vijiji vya Kitanga, aliyekuwa akikaa peke yake benchi la nyuma. Alisimama mlangoni mwa saluni akasema, "Mwakeye," kwa salamu yetu ya Kiha. Nilikuwa na mteja. Nikamwitikia, nikamwonyesha kiti, nikamaliza kusuka bila haraka. Mteja alipoondoka, mama yule alishika mikono yake mapajani.

"Amenituma," alisema.

"Nani, mama?"

"Mwanangu. Mdogo wake alikwenda kumwona, akarudi na maneno ya kukuambia. Wale wanne amekubali. Hajawahi kuwakana. Lakini hili la godoro anasema si kweli. Anasema wewe unajua kuwa si kweli."

"Anajuaje ninachokijua?"

"Anasema alilala kwenu siku ya mvua, na godoro alililalia likiwa kavu akaliacha kavu. Anasema blanketi alilikunja. Anasema dada yako alimpa chai ya tangawizi na kiazi, wakacheka habari ya paka wenu."

Habari ya paka nilikuwa nimeisahau mimi mwenyewe. Paka wetu alikuwa amelala ndani ya kofia yake ya pikipiki, na ikabidi amngoje aamke.

"Kwa hiyo anamkumbuka," nilisema.

Mama yake alielewa alichokuwa amekileta, lakini baada ya kukitua.

"Mahakamani alisema hamkumbuki. Mama yangu alikufa na neno hilo. Sasa wafungwa wenzake wanamcheka, ndipo anakumbuka mpaka kiazi."

"Hatoki hata kuota jua," alisema kizee yule. "Wanamwimbia. Mwanangu, nakuomba. Mwite yule wa filamu umwambie."

Nikafikiri kidogo tu.

"Mwambie aseme alipomweka," nilimjibu. "Akisema, na tukamkuta, nitampigia simu yule wa filamu nimwambie nilidanganya."

"Utasema kweli?"

"Nitasema."

Nilijua wakati natamka kwamba sitasema. Nataka hilo lieleweke. Sikubadili nia baadaye.

Safari ya gerezani ni ndefu, na yule mama alikwenda mwenyewe safari hii, akisindikizwa na mwanawe mdogo. Aliporudi hata kwake hakupitia. Alikuja moja kwa moja saluni na vumbi lote, akanieleza mahali, neno kwa neno, macho amefumba ili asikosee: njia ya kwenda Nyabibuye, kuna kijito, ng'ambo yake palikuwa na tanuri la matofali lililoachwa. Ndani ya tanuri, upande wa nyuma, chini ya matofali yaliyoungua vibaya.

Nilikwenda polisi. Tulikwenda na gari lao, mimi na kaka wa mama yangu, na mwenyekiti wa kijiji kile akaleta watu wenye majembe. Tanuri lilikuwa limeota majani. Walitoa matofali moja moja wakiyapanga pembeni kama watakaoyatumia. Walipofika chini mwenye jembe akasimama, akavua kofia.

Polisi hawakutaka nisogee. Nilisogea. Nywele za kununua haziozi. Zilikuwa pale kwenye udongo, rasta zangu, mistari niliyoipinda kuelekea sikio la kushoto kwa sababu dada alikuwa na kovu upande ule na hakupenda lionekane. Niligusa ncha niliyoifunga kwa maji ya moto Jumamosi ile. Nikasema, "Huyu ni wetu." Vipimo vya hospitali vilikuja baadaye kusema hivyo hivyo.

Tulimzika karibu na mama. Watu walikuwa wengi, wengine niliwaona ukumbini wakicheka, sasa walilia nami, na kwa vyote viwili niliwashukuru. Mama wa muuaji alikuja. Alisimama nyuma kabisa, kwenye mikaratusi, na hakuna mwanamke aliyempa mahali pa kukaa. Nilimwona. Sikumpa na mimi.

Baada ya matanga alikuja tena saluni. Nilimtilia chai.

"Mwanangu, sisi tumetimiza yetu," alisema.

"Nimeona, mama. Nakushukuru wewe."

"Utampigia lini yule wa filamu?"

"Sitampigia."

Aliitazama chai. "Uliahidi."

"Na mwanao alimwahidi dada yangu kumfikisha Kibondo."

Akaniambia, bila hasira, kwamba zamani akienda bombani kuchota maji watu walimpisha, kwa kuwa walimwogopa mama wa muuaji. Siku hizi watoto wanamwita mama kikojozi, wanamrushia maganda, na ndoo yake inasukumwa mwisho wa foleni. "Mimi nimekukosea nini?" aliniuliza.

Hakunikosea chochote. Nilimhurumia kwa kweli, nikaipima huruma ile moyoni, nikaona haifiki. Nilimwambia nitazungumza na mwalimu mkuu wa shule ya pale kijijini kuhusu wale watoto, na nilikwenda nikazungumza naye. Zaidi ya hapo sikufanya. Chai hakuinywa. Alijifunga khanga yake akaondoka, na hajanijia tena.

Haukupita muda kijana wa filamu akapiga simu mwenyewe. Alikuwa amesikia habari za tanuri, alitaka kutengeneza sehemu ya pili.

"Dada, kuna kitu nataka kukuuliza," alisema. "Ametuma mtu kwangu. Anakubali yote, hata dada yako sasa amemkubali. Ila lile la godoro analikana kabisa. Anaapa. Ulisema ulimwona kwa macho yako?"

Hapo ndipo ningeweza kulimaliza. Mteja alikuwa anangoja, kitana kilikuwa mkononi mwangu.

"Nilimwona," nilisema. "Alipiga magoti kwenye tope."

Alipumua kwenye simu. "Nilijua. Aibu ndiyo inayomfanya akane. Hapo ndipo penye kidonda chake."

"Ndipo hapo," nilimjibu.

Mdogo wake muuaji hupita mjini mara moja moja, na watu huniletea habari bila mimi kuuliza. Wanasema ameacha kuongea na wenzake. Wanasema kila mgeni anayekuja anamweleza habari ya godoro upya, tangu mwanzo, kwa utaratibu, na kadiri anavyoieleza ndivyo wanavyozidi kuiamini. Nikizisikia habari hizo nalala vizuri. Padri alinidokeza mara moja kuhusu kusamehe. Nilimwambia nitalifikiria, na kila nikienda kupalilia makaburi yale mawili nalifikiria, kisha narudi kazini.

Ukweli wa godoro nimeuandika hapa, kwa mara ya kwanza. Jina la yule mtu sikuliandika, wala la filamu, wala langu. Anayetaka kuujua ameujua. Yeye peke yake ndiye karatasi hii haitamfaa, kwa maana hana mahali pa kuwekea kidole akasema, tazameni, huyu hapa ni mimi.